Mganda wa Umatengo na Kosa Lisilosameheka

Mtu akitaka kujua jamii fulani inathamini nini, kuuliza kama ngoma yake ni nzuri hakutamfikisha mbali. Kila jamii itajibu kwamba ngoma yake inapendeza, inachangamsha na inaunganisha watu, na majibu hayo hayatofautiani sana kutoka Mbinga hadi Mombasa. Swali lenye faida linaanzia upande wa pili: mchezaji akiharibu, ameharibu nini? Uzuri husifiwa kwa jumla, lakini kosa hutajwa kwa jina, na anayelitaja hulionyesha kwa kidole. Hoja yangu ni kwamba kosa ambalo watazamaji wa mahali fulani hawawezi kulivumilia uwanjani ni lilelile wasiloweza kulivumilia katika maisha yao ya kila siku, na kwamba mganda na kioda, ngoma zinazochezwa katika milima ya Umatengo na ufukweni mwa Ziwa Nyasa, zinalithibitisha jambo hilo kwa uwazi kuliko ngoma nyingi za nchi hii zenye sifa kubwa zaidi.

Tupite kwanza kwa wengine, kwa sababu jambo la nyumbani huonekana vizuri likiwekwa kando ya la jirani. Vijana wa Kimaasai wanaporuka katika adumu, mwili hunyooka wima, mabega hutulia, na visigino havitakiwi kupumzika ardhini. Anayejikunja kiunoni amejishusha mbele ya rika lake, na rika ndilo linalomfanya awe mtu. Katika sindimba ya Wamakonde, kosa ni kiuno kikavu: nyonga zisipojibu ngoma, hakuna sindimba hata miguu ikienda sawa. Nchini Rwanda wanawake huinua mikono na kuipinda kwa mfano wa pembe za inyambo, ng'ombe waliokuwa fahari ya ufalme, na mkono uliolegea unaharibu picha nzima. Baleti ya Ulaya ililelewa katika ikulu ya Mfalme Louis XIV wa Ufaransa, aliyeanzisha chuo cha kifalme cha dansi mwaka 1661, na mpaka leo inaficha juhudi. Vidole vinauma ndani ya kiatu, uso unatabasamu, kwa kuwa mtu wa ikulu hakutakiwa kuonekana anahangaika. Karibu na mwaka 1970 mwanaanthropolojia wa Marekani, Joann Kealiinohomoku, aliandika kwamba baleti nayo ni ngoma ya kabila, yenye mila na miiko yake sawa na ngoma yoyote. Baadhi ya wapenzi wa baleti hawakulipenda neno hilo. Alikuwa na haki kabisa, na sisi tuliozoea kusikia ngoma zetu zikiitwa za asili huku za wengine zikiitwa sanaa tunapaswa kulikumbuka.

Sasa mganda. Hii ni ngoma ya wanaume. Wachezaji hujipanga kwa safu, wamevaa kaptura na mashati meupe au sare nyingine inayofanana, na panapokuwa na uwezo soksi ndefu na viatu. Kuna ngoma kubwa yenye ngozi pande mbili, iliyoigwa kutoka bendi za kijeshi, na kuna malipenga: vibuyu vilivyotobolewa tundu, tundu likazibwa kwa utando wa buibui, ambavyo mchezaji huimbia ndani yake hadi sauti itoke na mkwaruzo wake wa pekee. Hatua ni fupi. Mguu unanyanyuka kidogo, unasubiri, unatua. Safu inageuka, inainama, inanyooka, yote kwa pamoja. Mgeni aliyezoea ngoma za kuruka na kugaragara anaweza kudhani hakuna kinachotokea. Kinachotokea ni kigumu sana, kwa maana watu wote wa safu wanakubaliana kusubiri. Katika ngoma ya namna hii kosa lisilosameheka ni kuwahi. Anayechelewa anaweza kudhaniwa amesahau, lakini anayewahi ametaka aonekane peke yake. Kosa la pili ni uchafu na ulegevu wa mavazi, shati lililochomoka, soksi iliyoshuka, kwa sababu doa la mmoja linaonekana kwenye safu nzima.

Kioda ni ngoma ya wanawake, na kwa kawaida wanaume hukaa kwenye ngoma tu, wakipiga huku akina mama wakicheza na kuimba. Wengine huitaja kana kwamba ni mganda uliovaa gauni, lakini hiyo ni dharau isiyo na msingi. Kioda kina sare zake, kina viongozi wake, na nyimbo zake ndizo zinazobeba maneno ya kijiji: sifa, shukrani, msiba, na lawama zinazoelekezwa kwa watu ambao kila msikilizaji anawafahamu bila majina yao kutajwa. Mstari unaweza kujipinda ukawa duara, hatua zikabaki fupi na mwili wa juu ukatulia. Utulivu huo una maana. Mwanamke anayeimba jambo zito dhidi ya mwenye mali au mwenye cheo huku uso wake umetulia na mwendo wake unalingana na wa wenzake hawezi kuambiwa amekasirika au amelewa. Kilichosemwa kimesemwa na safu nzima. Hapa mwendo uliopangwa unalinda ulimi, na nadhani hiyo ni mojawapo ya kazi kubwa za uzuri wa kioda, ambayo wapigapicha wa sherehe hawaioni kwa sababu hawasikilizi maneno.

Msomaji makini ataniuliza kama sizunguki mahali pamoja. Unatazama ngoma, unasema inaonyesha kwamba watu hawa wanathamini utaratibu, kisha unaeleza kwamba ngoma ina utaratibu kwa sababu watu wanauthamini. Pingamizi hili ni la haki, na maandishi mengi kuhusu ngoma na utamaduni yanaangukia hapo. Njia ya kulijibu ni moja tu: kutafuta ushahidi wa thamani hizo nje ya uwanja wa ngoma, mahali ambapo hakuna anayecheza. Umatengo unao ushahidi huo, na hauhitaji kusukumwa. Wazee wa Kimatengo walikuwa na sengu, mkutano wa ukoo ambapo wanaume walikula pamoja na kuzungumzia ardhi, ugomvi na malezi, vijana wakisikiliza na kujifunza namna ya kusema kwa zamu. Sengu ilikuwa na uzito kiasi kwamba Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilipofanya kazi na wanakijiji wa Kindimba, kamati ya maendeleo ya kijiji ilichukua jina hilohilo. Katika mkutano wa namna hiyo anayedakia neno kabla ya zamu yake amefanya kosa la yule anayewahi hatua katika mganda.

Ushahidi wa pili uko kwenye miteremko yenyewe. Katika karne ya 19 uvamizi wa Wangoni uliwasukuma Wamatengo milimani, wakalazimika kulima mahali penye mwinamo mkali na mvua nyingi. Jibu lao lilikuwa ngolo, kilimo cha mashimo ambacho kimedumu kwa zaidi ya miaka 100 na kimewavuta wataalamu wa udongo kutoka mbali. Masika yakielekea kwisha nyasi hufyekwa, zikapangwa kwa mistari inayokatana juu ya mteremko hadi zikafanya miraba. Kisha wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kufunika nyasi, na pale palipochimbwa panabaki shimo. Maharage hupandwa juu ya matuta, mahindi hufuata msimu unaokuja, na mvua inayonyesha hunaswa mashimoni isiteremke na udongo. Kazi hii inataka mikono mingi, na mara nyingi watu waliitana kwa kazi ya pamoja, mwenye shamba akiandaa pombe na chakula. Pia inataka usawa. Tuta likivunjika mahali pamoja, maji hayamuumizi aliyekosea peke yake, yanamshukia aliye chini yake. Sisemi kwamba safu ya mganda imetoka shambani. Ngolo ni ya zamani kuliko mganda, na tutaona hivi punde safu ya mganda ilitoka wapi. Ninachosema ni kwamba watu waliojifunza kwa vizazi kadhaa kuona uzembe wa mmoja kuwa hasara ya wote walipoletewa ngoma ya safu waliitambua mara moja kuwa ni yao.

Na hapo ndipo lilipo pingamizi kubwa zaidi, ambalo limewafanya hata baadhi ya Watanzania wauone mganda kuwa ngoma isiyostahili heshima: kwamba umeigwa kwa wakoloni. Tusilikwepe. Mganda ni ndugu wa beni, ngoma iliyozaliwa katika miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19, watu wa Lamu na Mombasa walipoziangalia bendi za Kizungu wakazigeuza kuwa uwanja wa mashindano ya mitaa yao. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu beni, alionyesha jinsi ngoma hiyo ilivyosambaa bara pamoja na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, vikundi vya Marini na Arinoti vikishindana hadi mbali na bahari. Ziwa Nyasa halikusubiri vita vilifikie. Tarehe 13 Agosti 1914, siku chache baada ya vita kutangazwa Ulaya, meli ya Waingereza iitwayo Guendolen ilivuka ziwa na kuifyatulia mizinga meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Liuli, ambako Wajerumani walikuita Sphinxhafen. Nahodha wa Kijerumani alikuwa hajapata habari kwamba kuna vita. Miaka minne iliyofuata ilileta kwato, buti, njaa na amri za kijeshi kusini kote kwa Tanganyika. Septemba 1918 jeshi la von Lettow-Vorbeck lilivuka tena Mto Ruvuma likitoka Msumbiji na kupita Ungoni kuelekea kaskazini. Vijana wa pande zote za ziwa walirudi nyumbani wakiwa wameona gwaride, na mganda ulienea katika miaka iliyofuata.

Kwa hiyo ndiyo, umbo lilitoka jeshini. Lakini tuangalie kilichochukuliwa na kilichoachwa. Bunduki iliachwa. Tarumbeta ya shaba iliachwa, mahali pake pakakaa kibuyu cha shambani chenye utando wa buibui. Mwendo wa kasi wa kwenda kushambulia uliachwa, hatua ikapunguzwa hadi ikawa ya kusubiri. Kilichobaki ni safu, usafi, vyeo na kulingana. Jamii inapoazima, uchaguzi wake huonekana katika vile inavyovitupa, na hapa waliotupa silaha wakabaki na utaratibu walijua wanafanya nini. Watu waliokimbia uvamizi wa Wangoni, wakatawaliwa na Wajerumani, wakabebeshwa mizigo ya Waingereza, walikuwa na kila sababu ya kuchukia vita na kila sababu ya kutamani mpangilio ambao wao wenyewe ndio wenye amri juu yake.

Bado kuna atakayesema kwamba sare na vyeo ni dalili ya utii, kwamba mtu anayejivisha kama bwana amekubali ubwana. Wako wataalamu waliofikiri hivyo kuhusu ngoma za aina hii. J. Clyde Mitchell, alipoichunguza kalela ya Wabisa katika mji wa migodi wa Luanshya, Zambia, na kuandika juu yake mwaka 1956, aliona wachezaji wamevaa nadhifu kwa mtindo wa Kizungu, na ndani ya ngoma mna vyeo kama mfalme, daktari na muuguzi. Alieleza mavazi hayo kwa ngazi za heshima za mjini. Maelezo yake yana ukweli, lakini hayatoshi kwa mganda wa vijijini, kwa kuwa mwanakijiji wa Umatengo aliyevaa kaptura nyeupe hakuwa na ngazi ya mjini ya kupanda. Swali la maana ni nani anayetoa amri. Upande wa Malawi, ambako ngoma hii huitwa malipenga, kila kikundi huitwa boma na kina viongozi wake wenye majina makubwa ya kiserikali na ya kijeshi, nao huwekwa na wachezaji wenyewe. Watawala walikuwa na boma moja, na kuingia humo kulikuwa kwa kuitwa. Wanakijiji wakajiundia maboma yao, kila kijiji na lake. Anayeita jambo hilo kuwa ni kunyenyekea hajafikiria mtawala angejisikiaje kuliona.

Pingamizi jingine ni gumu zaidi, na kulijibu kunanilazimu kupunguza makali ya hoja yangu. Ikiwa mganda unachezwa na Wamatengo, Wanyasa, Wamanda, Watonga wa Nkhata Bay na Wachewa wa katikati ya Malawi, unawezaje kuwa kioo cha thamani za watu wa mahali pamoja? Sehemu ya jibu ni ya kihistoria. Ziwa hili limeunganisha watu kuliko mipaka ilivyowatenga. Kisiwa cha Likoma, kilichokuwa makao ya wamisionari wa Kianglikana wa UMCA na ambako kanisa lao kuu bado limesimama, ni cha Malawi ingawa kimezungukwa na maji ya Msumbiji, na mtu wa Liuli au Mbamba Bay aliweza kuwa na shangazi ng'ambo. Ngoma ilisafiri ndani ya ujirani, kwa watu ambao tayari walikuwa wanaelewana. Sehemu ya pili ni kwamba ngoma moja ikifika nyumba nyingine hupata majukumu mengine. Umatengoni iliingia kwenye kalenda ya kahawa na ikaoana na kioda, vijiji vikialikana kushindana. Nakubali kwamba hoja yangu haina nguvu ya kutenganisha kabila na kabila kando ya ziwa. Ina nguvu pale inapotenganisha njia mbili za kuishi.

Mfano wa njia mbili hauko mbali. Usukumani nako kuna mashindano, pengine makali kuliko yote Tanzania: vyama vya Bagika na Bagalu vimeshindana tangu karne ya 19, na siku za sherehe ya Bulabo huko Bujora kila upande hujitahidi kuuvuta umati kutoka kwa mwenzake. Mchezaji wa Kisukuma anaruhusiwa kushangaza. Analeta chatu, analeta vichekesho, anabuni kitu ambacho mwaka jana hakikuwapo, na dawa ya kuvutia watu inatajwa bila aibu. Kosa kubwa pale ni kuchosha watu. Watu wa nyika pana, wenye ng'ombe na nafasi ya kuhama, wamejenga uzuri unaomtukuza mwenye kipaji anayejitokeza. Vivyo hivyo Wangoni wa Malawi na Zambia, katika ingoma yao, hupiga ardhi kwa nyayo wakiwa na ngozi, ngao na rungu, na wanataka kishindo kisikike. Wao walikuwa wavamizi walioshuka kutoka kusini, wakavuka Zambezi mwaka 1835, na kishindo kilikuwa sehemu ya kazi yao. Ukiweka ingoma ya aliyevamia kando ya mganda wa aliyepandishwa mlimani, unaona ubishi wa karne nzima juu ya mwanamume anayestahili sifa ni wa namna gani. Simaanishi kwamba mmoja ni bora. Namaanisha kwamba hakuna jicho moja linaloweza kuzihukumu zote mbili kwa kipimo kimoja, ingawa ndicho tunachofanya kila tunapoziweka kwenye jukwaa moja na kuzipa alama.

Uzuri wa mganda una gharama, na gharama hiyo inaeleza historia yake ya karibuni kuliko hadithi za kawaida kuhusu vijana kupotoka. Sare hununuliwa. Wageni hulishwa: kijiji kinachoalika hubeba chakula na pombe kwa watu waliotembea kutwa nzima, na heshima ya mwenyeji iko katika wingi wa alichoandaa. Fedha hizo zilitoka kwenye kahawa, iliyoanza kupandwa Umatengo katika miaka ya 1920 na ikawa uti wa mgongo wa Mbinga. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa viwango vya mauzo ya kahawa ulivunjika na bei ikaporomoka; katika miaka ya 1990 biashara ikafunguliwa, na chama kikuu cha ushirika cha wilaya, MBICU, kikaanguka. Mtafiti Stephen Hill, aliyechunguza ngoma hizi Umatengo, aliipa makala yake iliyotoka mwaka 2000 jina la Kiswahili, Mchezo Umelala, na akaunganisha kulala huko na uchumi. Namuunga mkono. Ngoma inayodai shati jeupe na chungu kilichojaa haiwezi kuchezwa kwa moyo tu. Mwanakijiji asiye na fedha ya sare angeweza kucheza bila sare, lakini kwa kipimo cha mganda hiyo ingekuwa kucheza vibaya, na watu wenye heshima walichagua kunyamaza kuliko kucheza vibaya. Hata kunyamaza huko kunaonyesha thamani yao.

Kuna namna nyingine ya kuiua ngoma, ambayo haihitaji umaskini. Mwalimu Nyerere, akihutubia Bunge Desemba 1962 baada ya kuapishwa kuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri, alisikitika kwamba wengi walijifunza dansi za Kizungu na hawakuwahi hata kuzisikia ngoma kama gombe sugu, mangala au kiduo, akaunda wizara ya utamaduni wa taifa. Nia ilikuwa njema na ilihitajika. Lakini kilichofuata, kikundi cha taifa cha ngoma na mashindano ya mikoa, kilizing'oa ngoma kutoka kwa watu wenye uwezo wa kuona makosa yake. Sindimba ilifundishwa nchi nzima, ikatenganishwa na jando na unyago, na kiuno ambacho kwa Wamakonde kilikuwa somo kikawa kwa wengine kichekesho, na kwa wengine aibu. Mganda umepata jeraha lake la aina hiyo. Mwenge wa Uhuru unapopita, au Nane Nane inapofika, kikundi huitwa kitumbuize kwa dakika chache, safu ikigeuzwa kumwelekea mgeni rasmi. Mgeni rasmi hajui nani amewahi. Anapiga makofi kwa wote kwa usawa, kwa ukarimu kabisa, na kwa kufanya hivyo anafuta kipimo. Katika mashindano ya kijiji kwa kijiji mtazamaji mkuu alikuwa mpinzani, mtu anayejua kila hatua na anayetafuta kosa, na hakuna mwalimu wa uzuri anayemzidi huyo. Ngoma ikikosa mpinzani inabaki kuwa mapambo.

Nimesikia hoja kwamba haya yote yamepitwa, kwamba kijana wa Mbinga leo ana simu, singeli na bongo fleva, na thamani zake zinaonyeshwa huko. Sipingi kwamba anacheza singeli, na anaicheza vizuri. Kasi yake na ujanja wa mtu mmoja mmoja vinasema ukweli kuhusu maisha ya mjini, ambako mtu hujitafutia. Ninachopinga ni dhana kwamba thamani huondoka kwa sababu muziki umebadilika. Kijana huyohuyo akirudi kijijini kwa harusi au msiba atatakiwa kusalimia kwa mpangilio, kuchangia kwa zamu na kusubiri wazee wamalize kusema. Thamani ya kulingana bado inafanya kazi Umatengo. Inachokosa ni uwanja wa kuchezwa hadharani, mbele ya watu wanaoweza kuipima, ili watoto waione ikiwa nzuri kabla hawajaambiwa kwamba ni wajibu.

Kwa sababu hiyo ombi langu kwa Halmashauri za Mbinga na Nyasa, kwa maofisa utamaduni na kwa vyama vya msingi vya wakulima wa kahawa si kwamba waalike vikundi vingi zaidi kwenye sherehe. Warudishe mashindano ya kiangazi baada ya mavuno, kutwa nzima, kata kwa kata, Namswea kwa Litembo, milima kwa ufuko, mganda na kioda pamoja, na wachangie chakula cha wageni kabla ya kufikiria vikombe na vyeti. Na wanaotaka kuhifadhi ngoma hizi kwa kamera wasiishie kwenye safu zinazopendeza. Wawaketishe wazee waliowahi kushinda na kushindwa, wawaonyeshe picha hizo, na waandike kila mahali watakapokunja uso na kusema: hapo ameharibu.